Kuvika Chembe za Dhahabu Ganda la Silika na Kuzisoma kwa Mwanga: Mwongozo kwa Maabara za Nairobi

Chembe ya dhahabu yenye kipenyo cha nanomita 16 haina umanjano wa pete wala wa mkufu. Chembe hizo zinapoelea majini kwa wingi, huyapa maji wekundu mzito wa yakuti. Mwaka 1857 Michael Faraday aliuhusisha wekundu huo na udogo wa chembe zenyewe, na mwaka 1908 Gustav Mie akautolea hesabu kamili. Sababu yake ni kwamba elektroni huru zilizomo ndani ya dhahabu hutikisika kwa pamoja mwanga unapozipitia, na mtikisiko huo, ambao wanafizikia huuita plasmoni, hufyonza kwa nguvu mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520 na kuuacha mwekundu upite. Ukubwa wa chembe, umbo lake, umbali uliopo kati yake na jirani zake, pamoja na kitu kinachoizunguka, vyote huacha alama kwenye kilele hicho cha ufyonzaji.

Ganda la silika, yaani dioksidi ya silikoni, humpa mtafiti uwezo wa kuyatawala mambo mawili ya mwisho kwa mkupuo mmoja. Silika haina rangi, haipitishi umeme, na kipimo chake cha kupinda mwanga ni takriban 1.45, ambacho kimezidi kidogo kile cha maji (1.333) na cha ethanoli (1.361). Chembe iliyovikwa ganda haiwezi tena kugusana na mwenzake, kwa hiyo unene wa ganda ndio unaoamua umbali kati ya viini viwili, yaani chembe za dhahabu zilizomo ndani ya maganda. Na mtu anayetaka kuweka molekuli inayong'aa kwenye umbali maalumu kutoka kwenye metali, pasipo mng'ao wake kuzimwa kwa kuigusa metali hiyo, hupata hapo kipimio anachokihitaji.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi au mtafiti aliye Chiromo, Kahawa au kwingineko jijini, mwenye spektrofotomita ya mwanga unaoonekana, sentrifuji na kikorogeo cha sumaku, lakini ambaye hadubini ya elektroni huipata kwa kuomba nafasi na kusubiri zamu. Kwa mtu wa namna hiyo spektrofotomita ndiyo jicho la kazi nzima. Ndiyo maana ninashikilia kwamba spektra, yaani mchoro wa ufyonzaji kwa kila urefu wa wimbi, ipimwe mwishoni mwa kila hatua na ihifadhiwe kabla ya hatua inayofuata kuanza. Koloidi, yaani kimiminika chenye chembe zinazoelea, ikiharibika katika hatua ya kwanza haiponi kwa kuvikwa ganda, na ganda huificha tu ile hitilafu.

Maji, vyombo na mwinuko

Maji ya mfereji hayafai hata kwa kusuuzia mara ya mwisho. Chembe hizi hubaki zikielea kwa sababu nyuso zake zina chaji hasi zinazosukumana, na ayoni zilizomo kwenye maji ya mfereji, na zaidi zile za maji ya visima vya kuchimbwa, hudhoofisha msukumano huo mpaka chembe zikashikamana. Tumia maji yaliyoondolewa ayoni, au yaliyokenekwa mara mbili ikiwa mashine ya kuondoa ayoni imeharibika, jambo ambalo si geni.

Vyombo vya kioo, pamoja na sumaku ya kukorogea, visafishwe kwa akwarejia, yaani sehemu tatu za asidi ya hidrokloriki kwa sehemu moja ya asidi ya nitriki, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kisha visuuzwe mara nyingi kwa maji safi. Mchanganyiko huo haufungiwi kwenye chupa hata kidogo, kwa kuwa hutoa gesi zinazoweza kuipasua, wala haukutanishwi na ethanoli au asetoni. Masalio ya dhahabu ya jana kwenye ukuta wa flaski huwa mbegu za chembe kubwa zisizotakiwa leo, na hapo ndipo mwanzo wa matokeo mengi mabaya ambayo watu huzilaumu kemikali zao bure kwa ajili yake.

Nairobi ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 94 za Selsiasi. Utaratibu unaoelezwa hapa chini ulibuniwa mahali ambapo maji huchemka karibu na nyuzi 100. Tofauti hiyo haiuvunji, lakini mmenyuko huenda taratibu zaidi, na mtu anayefuata dakika zilizochapishwa badala ya kutazama rangi anaweza kuzima moto mapema. Ethanoli nayo iwe ile kavu ya maabara. Spiriti ya kuwashia majiko, iliyotiwa rangi na viungo vya kuifanya isinyweke, huingiza kwenye spektra mambo ambayo hutaweza kuyatenganisha na dhahabu.

Kuandaa viini

Njia ya sitireti, chumvi ya asidi ya limau inayoigeuza dhahabu iliyoyeyuka kuwa metali, ilielezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, na mwaka 1973 Frens akaonyesha jinsi kiasi cha sitireti kinavyoamua ukubwa wa chembe. Yeyusha miligramu 5 za asidi ya tetrakloroauriki yenye maji ya fuwele katika mililita 50 za maji safi, ili upate ukolezi wa asilimia 0.01, ambao ni karibu milimola 0.25 kwa lita. Usichote chumvi hiyo ya dhahabu kwa kijiko cha metali, kwa kuwa huila metali. Chemsha mmumunyo huku ukiukoroga kwa nguvu, na uweke juu ya flaski kondensa ya kurudisha mvuke, la sivyo ujazo utapungua na hesabu zote za baadaye zitapotoka.

Mmumunyo unapochemka sawasawa, mimina kwa mkupuo mmoja mililita 1.0 ya mmumunyo wa trisodiamu sitireti wa asilimia 1. Umanjano hafifu utapotea, kisha itakuja rangi ya kijivu-buluu, halafu zambarau, na hatimaye nyekundu. Endelea kuchemsha kwa dakika 15 hadi 20 baada ya wekundu kuacha kubadilika, kisha acha koloidi ipoe huku ikikorogwa. Kiasi hicho cha sitireti hutoa chembe za takriban nanomita 16. Ukikipunguza hadi mililita 0.5, chembe hukua hadi karibu nanomita 41, na huwa hazilingani kwa umbo kama zile ndogo. Kwa jaribio la kwanza ningemshauri yeyote abaki na zile za nanomita 16.

Sasa pima spektra kuanzia nanomita 350 hadi 800, ukitumia maji yaleyale kama kielelezo cha sifuri. Kuna mambo manne ya kutazamwa. Kilele kiwe karibu na nanomita 520. Kipimo cha ufyonzaji kwenye nanomita 400, katika kuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1, kiwe karibu na 0.6, kwa sababu milimola 0.5 kwa lita ya dhahabu iliyokwisha kugeuka metali hutoa takriban 1.2 hapo, nasi tulianza na nusu yake. Kikiwa chini sana, sehemu ya dhahabu bado ni chumvi. Uwiano wa kilele na ufyonzaji wa nanomita 450 uwe kama 1.6, ambao unalingana na kipenyo cha nanomita 15 hivi. Mwisho, mstari wa spektra kati ya nanomita 650 na 800 uwe umelala karibu na sifuri. Ukiwa na bega au nundu hapo, chembe zimeanza kushikamana, na koloidi hiyo iwekwe kando, hata kama macho yako yanaiona nyekundu.

Suala la chumvi iliyobaki si la usahihi wa vipimo pekee. Hatua ya ganda hutumia amonia, na chumvi ya dhahabu ikikutana na amonia inaweza kutoa kampaundi ambayo hulipuka ikikauka. Usitie amonia kwenye koloidi ambayo hujahakikisha kwamba dhahabu yake yote imegeuka kuwa chembe.

Kuuandaa uso wa dhahabu

Dhahabu yenye sitireti haipatani na silika. Zipo njia mbili zinazojulikana za kuzipatanisha. Ya kwanza, iliyoelezwa na Liz-Marzán, Giersig na Mulvaney mwaka 1996, hutumia silani, yaani kampaundi ya silikoni, yenye kundi la amino ambalo hushika dhahabu, kisha siliketi ya sodiamu ikaweka ganda jembamba la nanomita chache majini, na baada ya hapo chembe zikahamishiwa kwenye ethanoli ili ganda linenepeshwe. Njia hiyo ni nzuri kwa mtu anayehitaji ganda la nanomita 2 hadi 4, lakini ina masharti mengi kuhusu kiwango cha asidi na muda. Ya pili, ya Graf na wenzake ya mwaka 2003, hutumia polima iitwayo polivinilipirolidoni, kwa kifupi PVP, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza.

PVP hukaa juu ya dhahabu na kuiwezesha kuingia kwenye ethanoli bila kushikamana. Kiasi kinachotumika ni kama molekuli 60 kwa kila nanomita ya mraba ya uso. Mililita 50 za koloidi yetu zina chembe zinazokaribia trilioni 60, na jumla ya eneo la nyuso zake hudai takriban miligramu 48 za PVP yenye uzito wa molekuli 10,000. Yeyusha polima hiyo kwanza katika mililita 2 za maji, uimimine polepole kwenye koloidi inayokorogwa, na uache kikorogeo kifanye kazi kwa saa 24. Katika hatua hii umeme ukikatika usiku hakuna hasara kubwa.

Zungusha koloidi kwenye sentrifuji kwa takriban mara 15,000 ya nguvu ya uvutano kwa nusu saa, uone kama maji ya juu yamekuwa meupe. Yakiwa bado na wekundu, ongeza muda badala ya kasi. Toa maji ya juu kwa pipeti, kisha tawanya mashapo katika mililita 20 za ethanoli kwa msaada wa mashine ya mawimbi ya sauti. Pima spektra tena, safari hii ethanoli ikiwa kielelezo cha sifuri, na uizimue sampuli mara mbili au tatu kwa kuwa dhahabu imekolea zaidi. Kilele kinaweza kuwa kimesogea nanomita moja au mbili kuelekea upande wa nyekundu, kwa sababu ethanoli hupinda mwanga zaidi ya maji. Spektra hii ya pili ndiyo itakayolinganishwa na zote zitakazofuata. Ukilinganisha chembe zilizovikwa zilizomo kwenye ethanoli na chembe tupu zilizomo majini, utahesabu mchango wa kimumunyishi kana kwamba ni wa ganda, na kosa hilo linaweza kuwa kubwa kama kile kitu unachokitafuta.

Kulikuza ganda

Ganda lenyewe hukuzwa kwa njia ya Stöber, Fink na Bohn ya mwaka 1968, ambamo tetraethoksisilani, inayojulikana maabarani kama TEOS, huvunjwa na maji mbele ya amonia na kugeuka silika. Kabla ya kugusa pipeti, fanya hesabu. Tuseme unataka ganda lenye unene wa nanomita 20 juu ya kiini cha nanomita 16, kwa hiyo chembe nzima itakuwa na kipenyo cha nanomita 56. Ujazo wa silika katika kila chembe ni ule wa tufe la nusu kipenyo cha nanomita 28 ukitoa ule wa tufe la nanomita 8. Ukiuzidisha kwa idadi ya chembe, unapata karibu mikrolita 5.3 za silika, sawa na miligramu 10.7 ikiwa densiti yake ni gramu 2 kwa sentimita ya ujazo, na silika hiyo hutokana na takriban mikrolita 40 za TEOS. Hesabu hii inachukulia kwamba TEOS yote imegeuka ganda, nayo haigeuki yote, kwa hiyo ichukuliwe kuwa kikomo cha juu. Faida yake kubwa ni kwamba inaonyesha jinsi unene unavyotegemea ujazo: nanomita za mwisho zinakula kemikali nyingi kuliko zile za kwanza.

Tia mililita 0.85 za amonia iliyokolea kwenye mililita 20 za ethanoli zenye chembe, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Chupa ya amonia iliyofunguliwa mara kwa mara hupungua nguvu, na ganda hukawia. Iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Kisha zimua TEOS kwa ethanoli hadi asilimia 10, na uitie mikrolita 80 kwa mara moja, mara tano, ukipitisha saa moja au zaidi kati ya mara moja na nyingine. Anza asubuhi ili mara zote tano ziishe mchana ukiwapo, kwa kuwa kikorogeo kikizimika katikati ya kutia, TEOS hubaki imekolea mahali pamoja.

Kutia yote kwa mkupuo ni kama kumwaga unga wote kwenye maji ya uji: hutoka madonge. Katika kazi hii madonge ni chembe za silika tupu zisizo na kiini cha dhahabu. Kadiri TEOS inavyokolea kuliko nyuso zilizopo za kuipokea, ndivyo silika inavyoanza kujitengenezea viini vyake yenyewe. Baada ya mara ya mwisho, acha mchanganyiko ukorogwe kwa saa 12, kisha uoshe kwa sentrifuji na ethanoli mara mbili au tatu. Kwa kuwa silika tupu ni nyepesi kuliko zile zenye kiini, sehemu yake huondoka na maji ya juu ukitumia kasi ndogo, ingawa si yote.

Kusoma spektra ya ganda

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kutarajia kwamba ganda nene litasogeza kilele mbali. Halifanyi hivyo. Kutoka ethanoli hadi silika kipimo cha kupinda mwanga hupanda kwa takriban 0.09 tu, na chembe ndogo ya mviringo ya dhahabu huitikia mabadiliko hayo kwa nanomita chache. Zaidi ya hayo, kinachoamua mwitikio ni uwiano wa ujazo wa kiini na wa chembe nzima. Ganda linapofikia unene wa nanomita 8, yaani sawa na nusu kipenyo cha kiini, kiini ni sehemu moja kati ya nane za ujazo wote, na sehemu kubwa ya msogeo imekwisha kutokea. Kutoka nanomita 20 hadi 40 kilele hakina habari mpya ya kukupa kuhusu unene.

Kwa hiyo chukua sampuli ndogo kabla ya kila mara ya kutia TEOS, uipime, na uchore nafasi ya kilele dhidi ya jumla ya TEOS iliyotiwa. Mchoro unaofaa hupanda haraka mwanzoni kisha ukalala. Ukiwa umelala tangu mwanzo, ganda halijashika na silika imekwenda kwingine. Ukiendelea kupanda kwa nanomita nyingi, huku upana wa kilele ukiongezeka na mstari wa nanomita 650 na kuendelea ukiinuka, si ganda hilo. Ni viini vilivyokaribiana na kushikamana ndani ya silika moja. Upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake ni shahidi mzuri kuliko nafasi yake, nami ningeuandika daftarini kwa kila sampuli.

Ganda linapokuwa nene sana, makumi ya nanomita na zaidi, huanza kutawanya mwanga lenyewe. Utawanyaji huo hukua kwa kasi mno kadiri kipenyo kinavyoongezeka na huwa mkubwa zaidi kwenye mawimbi mafupi, hivyo upande wa buluu wa spektra huinuka, kilele cha dhahabu huonekana kimemezwa, na hata kuonekana kimerudi nyuma kuelekea buluu. Kurudi huko si kwa plasmoni. Ni kwa sababu kilele kimepanda juu ya mteremko.

Njia ya kuthibitisha hayo ni ya bei nafuu. Gliserini, ambayo hupatikana hata kwenye duka la dawa la mtaani, ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.473, na ikichanganywa kama sehemu nne kwa moja ya ethanoli hukaribia 1.45 ya silika. Ndani ya mchanganyiko huo ganda hupotea machoni pa mwanga, ukungu mweupe huondoka, na kilele cha dhahabu hubaki peke yake. Sampuli ya kielelezo cha sifuri iwe ya mchanganyiko uleule. Tofauti kati ya spektra ya ethanoli na ile ya gliserini ni, kwa makadirio ya karibu, mchango wa utawanyaji wa ganda; na kama una programu ya kukokotoa hesabu ya Mie kwa tufe lenye ganda, tofauti hiyo ndiyo ya kulinganisha na unene.

Majaribio mawili zaidi hayahitaji mashine yoyote. Tawanya chembe tupu na zilizovikwa katika maji, utie chumvi ya mezani kidogo katika kila moja: zile tupu hugeuka zambarau kisha buluu, na zilizovikwa hubaki nyekundu. Jaribio hilo lifanywe kwa chembe za sitireti ambazo hazijatiwa PVP, kwa kuwa polima nayo hukinga. La pili ni kudondosha tone la kila koloidi kwenye kipande cha kioo na kuliacha likauke. Chembe tupu husongamana, plasmoni zake huungana, na doa huelekea kwenye buluu. Zenye ganda nene hubaki na wekundu wake hata zikiwa kavu, kwa kuwa viini haviwezi kukaribiana. Ukiwa na maganda ya unene tofauti, panga madoa hayo kwenye kioo kimoja na uyapime yote.

Zilizokamilika zihifadhiwe katika ethanoli, kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Silika huyeyuka polepole katika maji yenye alkali, kwa hiyo amonia ioshwe yote kabla ya kuhifadhi.

Ikiwa ni fedha badala ya dhahabu

Fedha huvutia kwa sababu kilele chake, kilicho karibu na nanomita 400 kwa chembe ndogo, ni kirefu na chembamba kuliko cha dhahabu. Lakini amonia, ikisaidiwa na oksijeni ya hewa, huiyeyusha fedha, na mimumunyo ya fedha yenye amonia ikihifadhiwa inaweza kuzaa vitu vinavyolipuka. Kobayashi na wenzake mwaka 2005 walikwepa tatizo hilo kwa kutumia dimethilamini kama kichocheo badala ya amonia. Anayefuata njia hiyo apime spektra kila nusu saa wakati ganda linakua. Kilele kikisogea kidogo upande wa nyekundu huku kimo chake kikibaki palepale, ganda linashika. Kikishuka bila ya kupanuka, kiini kinayeyuka, na chembe zitolewe kwenye mchanganyiko huo mara moja kwa sentrifuji.